Tanki Nililolikataa

Niliingizwa kwenye kamati ya urafiki wa miji kwa sababu nilihesabika mara mbili. Ofisi ya mji ilitaka mwakilishi wa wafanyabiashara, na ilitaka mwanamke, na kiti kilichobaki kilikuwa kimoja. Mimi siku hiyo nilikuwa kwenye benchi la nje nikifuatilia leseni yangu ya kuuza dengu. Bwana maendeleo, ndiye afisa maendeleo ya jamii, kijana wa Kilimanjaro asiyejua kununua hata nyanya, akatoka, akanitazama kama mtu aliyeokota kitu barabarani, akaniuliza kama ninajua kusoma. Nikamwambia kusoma ninajua, kuhesabu ninajua zaidi. Akaliandika jina langu hapohapo, na leseni yangu ikachukua wiki mbili nyingine.

Urafiki wenyewe ulizaliwa na shafti. Mama mmoja Mmarekani, mwalimu mstaafu, alikuwa anaelekea Serengeti, gari lao likakata shafti karibu na hapa Bariadi, na kipuri kikachukua siku tatu kufika kutoka Mwanza. Siku hizo tatu alilala gesti ya jirani na stendi, akala wali kwa samaki wa Nassa, akasalimiwa na mji mzima, na watu wakamsaidia kusukuma gari ambalo halikuwa na sababu ya kusukumwa. Aliporudi kwao aliwaambia wenzake kuwa mji wetu unafanana na wao: mdogo, umezungukwa na mashamba, na ng'ombe ni wengi kuliko watu wa kuwachunga. Basi kwa nini miji hii miwili isiwe ndugu. Niliposimuliwa habari hiyo niliuliza kama fundi wa shafti alimlangua. Nikaambiwa hapana. Nikajua ndiyo maana alitupenda.

Tulikuwa wajumbe saba. Nilihesabu tena, tukawa saba, maana kamati za ofisini zina tabia ya kuongezeka watu siku ya soda. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mzee nadhifu anayevaa koti hata jua likiwa linayeyusha lami. Miezi minne ya kwanza tulijadili maneno. Wamarekani walileta fomu yenye maswali kumi na nane, na swali la sita lilikuwa: mna nini cha kutufundisha sisi? Mwenyekiti alilitengea swali hilo vikao vitatu. Mimi nilipendekeza tuwafundishe kushona mdomo wa gunia la dengu lisimwagike njiani. Pendekezo langu likakatwa, ikaandikwa "utamaduni na amani".

Jambo moja nililiona mapema kuhusu hawa ndugu zetu wapya, ila sikulipima uzito wake. Walikuwa waoga wa kutuamulia. Mahali fulani walikuwa wamefundishwa kwamba wageni wa zamani walikuja na misaada wakaamua kila kitu bila kumuuliza mwenye nyumba, na wao walikuwa wameapa hawatarudia. Kila barua ilimalizia hivyo: ninyi ndio mtakaoamua. Ni jambo jema. Mtu akikuambia sokoni kwamba utaamua mwenyewe, unashika pochi yako vizuri, lakini hawa walimaanisha.

Wakati huo huo kulikuwa na sista.

Sista ni muuguzi wa zahanati moja ya pembezoni mwa mji, mzaliwa wa Tanga, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Nilimfahamu mkwe wangu alipokwenda kujifungua kwake. Nilifika na ndoo mbili za maji kichwani na mkononi, maana ndiyo desturi ya pale: mama anakuja na kanga zake, na ndoo zake za maji, kama anakwenda kujenga. Bomba la zahanati hutoa maji likijisikia, na kiangazi halijisikii. Nilipofika nilikuta ndoo zimepangwa ukutani, kila moja na kitambaa cha rangi yake ili zisichanganywe. Nilizihesabu zikawa kumi na moja. Nilizihesabu tena nikaona mbili ni tupu. Mwenye ndoo tupu alikuwa binti wa mbali, amekuja kwa baiskeli, na maji yalimmwagikia njiani.

Mjukuu wangu alizaliwa salama. Sista alinawa mikono yake kwa kikombe, tone kwa tone, kama anayepima dawa. Aliposikia niko kwenye kamati akanisogelea.

"Mama, hiyo kamati yenu inaleta kitu, au inakunywa soda tu?"

"Tunakula na biskuti," nilimwambia.

"Basi waambie hao Wamarekani nataka tanki la maji ya mvua. Paa ninalo, mvua naiona inapita. Sitaki semina. Nataka tanki."

Nikamwahidi. Nililipeleka kamatini, mwenyekiti akalipamba, bwana maendeleo akaliweka kwenye Kiingereza, likaondoka. Kwa mara ya kwanza niliona kamati ina kazi.

Mkutano wa mtandaoni uliitishwa mwezi wa tatu, saa kumi na moja jioni, kwao ikiwa asubuhi. Tulikaa kwenye ukumbi mdogo wa ofisi, mbele ya projekta iliyokuwa inamwonyesha kila Mmarekani akiwa na uso wa kijani. Walikuwa sita, nikahesabu tena, saba, mmoja alikuwa nyuma anamimina kahawa. Yule mama wa shafti ndiye aliyeongea. Alisema wamekuwa wakipika na kuuza keki kila Jumamosi, na sasa wana uwezo wa kuipa zahanati tanki moja la lita elfu tano, lifikishwe mpaka mlangoni. Bwana maendeleo alitafsiri vizuri, sina neno naye hata leo.

Wajumbe wote wakanigeukia mimi, maana kazi ya kupatana walikuwa wameshanikabidhi bila kuniambia.

Naomba nieleweke hapa. Nimenunua dengu kuanzia Ipililo mpaka Lingeka kwa miaka ishirini na mbili. Bei ya kwanza ni salamu. Ukiikubali, unamkosea aliyeitaja: atarudi kwake anajilaumu kwamba angetaja nyingine, na wewe ataona una kichaa au una wizi. Unaikataa kwa adabu, unamwacha aondoke hatua kumi, anarudi, mnaanza sasa kuzungumza kama watu. Paa la zahanati lina pande mbili. Tanki moja lingekinga upande mmoja, na bila gata, ile mifereji ya bati ya kuyaleta maji, lisingekinga chochote. Hawa watu walikuwa wametaja bei ya kwanza. Nilichotakiwa kufanya kilikuwa wazi kama jua.

"Waambie tunashukuru sana," nilisema. "Waambie moyo wao tumeuona. Ila kwa tanki moja, hapana. Wakakae, wafikirie, sisi tupo."

Bwana maendeleo akaniinamia. "Niseme hapana?"

"Sema hapana, kwa upole."

Mwenyekiti alitikisa kichwa kuunga mkono, na baadaye kidogo akaongeza kwa sauti ya chini, isiyotafsiriwa, kwamba hata kwenye posa ng'ombe wa kwanza kutajwa hawaingii zizini. Alikuwa ameozesha mabinti wanne. Kila mara aliwarudisha washenga wa mume mara mbili, na kila mara walirudi na mitamba miwili zaidi na heshima zaidi. Wajumbe wengine wakacheka kwa kuridhika. Hakuna aliyeona kosa. Ingepigwa kura pale, ningepata saba kwa saba.

Kule upande wa pili walitazamana. Kisha wote wakainama wakaanza kuandika. Nilifurahi sana kuwaona wanaandika. Mteja akianza kuandika, ujue anapiga hesabu upya.

Niliwapa wiki mbili. Nilimwambia sista awe tayari kwa matanki mawili, pengine na gata, na akanijibu kwamba ataamini akiyagonga yakalia. Wiki mbili zikaisha. Masika yakaingia, yakapiga bati la zahanati mchana kutwa, maji yakashuka ukutani, yakachimba mfereji mpaka barabarani, yakaenda zake Mto Simiyu. Nikampigia bwana maendeleo. Akasema tuwe na subira. Nikasema subira ninayo, ila mvua haina.

Barua ilikuja mwezi wa tano, mvua ikiwa inaaga. Bwana maendeleo aliisoma akiwa amesimama, na kila sentensi alizidi kupunguza sauti. Walitushukuru kwa ukweli wetu. Walikaa vikao viwili kuhusu jibu letu, na wengine walijisikia vibaya, kwa kuwa waliona wametuletea kitu bila kutusikiliza vya kutosha. Wamejifunza. Wanaheshimu uamuzi wetu, na hawatataja tena jambo la tanki mpaka sisi wenyewe tuone vema. Kwa sasa, ili urafiki usipoe, fedha za keki wamezielekeza kwenye vibao viwili vya barabarani: kimoja kwao chenye mshale wa kuelekea Bariadi, na kimoja kwetu chenye mshale wa kuelekea kwao.

Nilimwomba asome tena. Akasoma tena. Ilikuwa ileile.

Kibao kilifika kwa basi kutoka Mwanza, kimefungwa kwa maboksi kama kioo. Sikatai, ni kizuri. Kina rangi ya bluu, jina la mji wao, na umbali wa kilomita elfu kumi na kitu. Kamati ilifanya vikao viwili kuhusu mahali pa kukisimika na kikao kimoja kuhusu nani atakata utepe. Mwisho kikawekwa karibu na kituo cha mafuta. Mpaka leo vijana wa bodaboda wakiniona wananiita mama kwa Kisukuma, wananiuliza: "Mayu, kwa hiyo Amerika ni hapo kulia, baada ya mafuta?" Nawaambia ndiyo, waende tu, watafika.

Sista alikuja sokoni siku ya tatu baada ya utepe. Nilikuwa na mteja kutoka Lingeka, mzee mbishi mwenye fimbo, tunavutana kuhusu gunia la mbegu tangu asubuhi. Alisimama mbele ya magunia yangu na sare yake nyeupe, akasalimia watu wote kwa mpangilio, kisha akaniambia kwa sauti ya kawaida:

"Mama, nimesikia tanki lilitolewa, mkalikataa."

"Hatukulikataa, sista. Tulikuwa tunapatana."

"Mlikuwa mnapatana na nani?"

Nikaanza kumweleza habari za bei ya kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatisha hata mara moja, na hilo ndilo lilikuwa baya.

"Jana nimezalisha watatu," alisema. "Wa tatu akaja, maji yamekwisha. Mikono nimenawa kwa maji ya kunywa ya mgonjwa mwingine, chupa ndogo, na yeye mwenyewe ndiye aliyenimiminia. Haya mama, wewe endelea kupatana."

Akaaga, akaondoka. Mzee wa Lingeka alinitazama, akaitazama fimbo yake, akalipa bei niliyokuwa nimeitaja mwanzo bila neno. Nilimfungia mbegu zake. Sijawahi kuuza vibaya namna ile.

Kesho yake nilikwenda kwa mwenyekiti nyumbani. Nilimwambia jambo ni jepesi: tuwaandikie kwamba tunalitaka tanki. Mstari mmoja. Akaniagizia chai na michembe ya viazi vitamu vikavu, akanieleza kwa upole, kama anayemweleza mwanafunzi aliyefeli hesabu, kwamba mwenye binti hamkimbilii mposaji barabarani. Mji mzima hauwezi kusema hapana mwezi wa tatu halafu ukapiga magoti mwezi wa sita. Wao ndio waliokatishwa maneno, basi wao ndio watakaoyaanza tena. Sisi tutawaandikia barua ya kuwapa nafasi.

Barua ya kuwapa nafasi iliandikwa mara nne. Nilikuwepo mara zote. Ilikuwa na kurasa mbili, iliwasifu kwa kibao, iliwaulizia hali ya mahindi, iligusia kwamba mvua ni neema na kwamba pale penye paa pana matumaini. Niliisoma mara mbili kutafuta tanki. Halikuwamo. Niliwaambia wenzangu kwamba hao Wamarekani hawawezi kuona tanki ambalo hatukuliandika. Mwenyekiti akasema mtu mwenye hekima atalielewa.

Jibu lao lilikuja haraka sana. Waliipenda barua. Waliisoma kwa sauti kwenye kikao chao. Walituma picha yao wote wakiwa wamesimama chini ya kibao chao, wananyoosha vidole kuelekea kwetu, wanacheka.

Nikamwomba bwana maendeleo amtumie yule mama wa shafti ujumbe mfupi wa simu tu. Akasema mawasiliano lazima yapitie kwa mwenyekiti. Nikamuuliza kama maji nayo yanapitia kwa mwenyekiti. Aliinamisha uso. Ni kijana mzuri, tatizo lake ameajiriwa.

Mkutano mwingine wa mtandaoni ulipangwa mwisho wa mwezi wa tisa. Ajenda ilikuwa kubadilishana nyimbo za shule. Nilimchukua sista, tukaingia naye. Mjumbe mmoja akauliza kama mgeni ameandikwa. Sista alikuwa bado na sare, na viatu vina vumbi la kutembea, akavuta kiti akakaa mbele ya kompyuta kabisa. Hakuna aliyemuuliza tena.

Nyuso za kijani zilipotokea, mwenyekiti akaanza salamu. Nilimwacha asalimie, maana mzee hakatizwi. Alipovuta pumzi nikainuka.

"Nitafsirie hivi, bila kupunguza," nilimwambia bwana maendeleo. "Lile tanki nililikataa mimi. Si mji, ni mimi. Kwetu mtu akikutajia, unakataa kwanza, ndiyo heshima, halafu anarudi. Nilikuwa nasubiri mrudi. Tanki tulikuwa tunalitaka."

Mwenyekiti alikohoa. Bwana maendeleo alinitazama, akamtazama mwenyekiti, akamtazama sista.

"Tafsiri, mwanangu," sista alimwambia.

Akatafsiri. Yule mama wa shafti akauliza kama tulikuwa tunalitaka tangu siku ile. Nikasema tangu siku ile. Akajifunika uso kwa mikono yote miwili. Alisema siku ile baada ya mkutano kuna wenzao waliolia, walidhani wametutukana. Nyuma yake mwanamume mmoja mnene, mwenye kofia, akasema kitu, wenzake wakacheka kidogo. Bwana maendeleo akatutafsiria: yeye ni mfugaji, kwenye mnada wa ng'ombe kwao watu wanabishana bei mpaka mchana, lakini hajawahi kuona mtu akibishania zawadi.

Miaka ishirini na mbili sokoni, na kitu hicho hakikuwa kimenipitia kichwani hata mara moja: kwamba hawa hawakuwa wanauza.

Mama wa shafti akaondoa mikono usoni. Akasema sasa tuwaambie tunachohitaji hasa. Idadi kamili.

Wote wakanigeukia tena. Ulimi wangu ulikuwa umeshajiandaa kusema manne, kwa sababu mwenye shida ya mawili husema manne, hilo hata mtoto anajua. Sista aligeuza kiti, akanitazama.

"Mawili," nilisema. "Na gata pande zote mbili za paa. Basi."

Bwana maendeleo akatafsiri. Mama wa shafti akamgeukia mtu wa pembeni mwenye karatasi, wakanong'ona kidogo tu, akarudi.

"Sawa," alisema, kwa Kiswahili.

Nilisubiri "lakini". Haikuja. Wakaanza kuimba wimbo wa shule yao.

Tulipotoka nje nilikuwa bado sijatulia. Nilimwambia sista wamekubali upesi mno, hawakushusha hata lita. Labda tungesema matatu.

"Ungesema matatu," alinijibu, "ungekesha unawaza manne." Akaita bodaboda. Zahanati alikuwa ameacha mama wawili.

Matanki yalifika mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zikiwa zimeshapita bila sisi. Yalishushwa kwenye lori, meusi, makubwa, na gata zimefungwa kwa kamba juu yake. Sista aliyagonga moja moja kwa kiganja, yakalia. Hakunishukuru, na sikutegemea. Kilichosahaulika, kule na huku, ni fundi wa kuzifunga hizo gata. Hakuna barua iliyomtaja. Nikasema huyo ni wangu, nitamlipa mimi.

Nilimleta mtu ninayemfahamu, fundi bati wa karibu na soko, ambaye tumepatana mambo mengi na hajawahi kunipata kirahisi. Alizunguka jengo, akapima kwa futi kamba, akapiga mluzi, akataja bei ya ufundi. Ilikuwa bei ya kuchekesha. Ilikuwa bei ya mtu anayejua nitaikata nusu, tutavutana, nitaondoka hatua kumi, ataniita.

Upande wa Maswa mbingu ilikuwa imeshaiva, nyeusi, na upepo ulianza kubeba vumbi uwanjani. Ndani kulikuwa na mwanamke anaugulia uchungu kwa sauti ya chini, na sista alikuwa amesimama mlangoni, ndoo mkononi, anatazama huku kwetu.

"Sawa," nilimwambia fundi.

Hakutikisika. Alidhani amesikia vibaya. Nikarudia. Akaiegemeza ngazi ukutani taratibu, akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya heshima kama nimepata msiba nyumbani.

Nikamwambia apande juu, mvua hiyo.